Mkwe Hahesabiwi

Gregori alikuwa anafunga kamba za viatu kwa mara ya nne asubuhi ile, na kamba zenyewe hazikuwa na kosa lolote. Ndo alivyo. Wengine Mungu kawapa moyo, yeye kapewa moyo halafu akaongezewa presha ya ofa. Akienda shambani kwenye ufuta, anageuka katikati ya njia kurudi kuhakikisha kama mlango kaufunga. Kaufunga. Anaondoka. Anageuka tena. Bibi Stefania, bibi yake aliyemlea tangu ananyonya, alishasema huyu mtoto akifa atafufuka kwenda kuangalia kama jeneza limepigwa misumari yote.

Sasa cheki maajabu: woga huohuo ndo uliompa kazi. Kijiji chao kiko bara ya Kilwa, vilimani huko, ambako ukitaka kupiga simu unapanda kwanza kichuguu. Chini ya kijiji kuna bonde lenye msitu mnene, mto, makaburi ya zamani, na pango ambalo wazee wanasema watu walijificha humo wakati wa vita vya Majimaji. Wageni walipoanza kuja kutembea bondeni, serikali ya kijiji ikaita vijana wanaotaka kuwaongoza. Wenzake wote waliuliza kuhusu fulana na picha. Gregori, ambaye ndo kwanza alikuwa karudi kutoka Dar alikobeba zege mpaka akachoka, akanyoosha mkono akauliza, "Na mgeni akiumwa na nyoka?" Akauliza tena, "Na mto ukijaa?" Mwenyekiti akasema huyu hapa, tumeshampata, kaeni chini.

Tangu siku hiyo hajawahi kupoteza mtu. Hata kofia ya mgeni hajawahi kupoteza. Begi lake lina kamba, bandeji, chumvi, shuka, filimbi, na filimbi nyingine endapo ile ya kwanza itapatwa na jambo. Na kila wakisimama, anahesabu watu kwa kidole, kama mwenye kuku jioni. Wageni wanamcheka. Yeye anahesabu tu.

Basi asubuhi ile, amekaa juu ya kichuguu, kamba za viatu zikiwa zinafungwa kwa mara ya tano, simu ikatoa mlio. Meseji ya Fortunata, kutoka Rutamba.

"Gregori, Mama yupo kwenye hiyo kwaya unayoitembeza bondeni leo. Mimi hajaniambia, nimeambiwa na jirani. Kavaa kitenge cha bluu. Usijifanye hujui. Ila pia usijifanye unajua."

Jamani. Huo ni ujumbe wa kumtumia mtu mwenye presha?

Iko hivi. Gregori na Fortunata wanapendana, hilo hata mbuzi wa Rutamba wanajua. Barua ya posa ilishapelekwa, na mjomba wa Fortunata alishaitikia vizuri kabisa. Aliyebaki ni mama mtu. Huyo hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikunja ile barua, akaiweka chini ya mto wa kulalia, akaendelea kupepeta mchele. Na kwao, mama asiposema neno, hamna ndoa hapo, mjomba awe ameitikia kwa tarumbeta. Kumbe mama mwenyewe kapanda Koasta na wanakwaya wenzake, kalala parokiani, kaja kumkagua mkwe kazini. Kimyakimya. Kama mkaguzi wa hesabu.

"Oya, umekuwa wa kijivu," alisema Bashiru, rafiki yake na msaidizi wake, ambaye kazi yake ni kutembea mwisho wa msafara. Bashiru ni mtu wa kucheka hata akiwa anang'olewa jino.

"Mama Fortunata yumo."

"Mama mkwe?"

"Punguza sauti!"

"Mama mkwe kaja kutembea porini na wewe?" Bashiru alishika kiuno. "Mwanangu, leo ukijikwaa tu, umeachika kabla ya kuoa."

Kina mama walikuwa wameshapanga mstari karibu na ofisi ya kijiji, na vitenge vyao, na maji yao, na kiongozi wao Mama Martina aliyeshika fimbo kama Musa. Kitenge cha bluu kilikuwepo, cha mwisho kabisa, kimegeukia pembeni. Maana naye anaijua adabu. Mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawapishani njia nyembamba, hawaitani majina. Mimi naweza kukwambia huyo mama anaitwa Marietha. Gregori hathubutu, hata akiwa peke yake chooni.

Akaanza kuhesabu, kidole mbele. Moja, mbili, tatu, kikaenda vizuri mpaka tisa. Kidole kilipokaribia bluu kikakumbuka kilikozaliwa. Utamnyooshea mama mkwe kidole? Umhesabu kama mbuzi wa mnada? Kikaruka juu yake kama kuku anavyoruka jivu la moto, kikarudi mfukoni.

"Tisa," alimwambia Bashiru.

"Tisa," Bashiru akaitikia. Na yeye hakuhesabu. Kwa nini ahesabu, wakati kuna Gregori?

Wakashuka. Siku nyingine Gregori anapenda ile njia, jinsi jua linavyokatika ghafla ukiingia msituni na ubaridi unavyokupokea shingoni. Leo hakuona kitu. Alikuwa na shingo moja tu na ilikuwa haigeuki. Akitaka kumwambia mtu "angalia mzizi", anaongea mbele, na anayemsikia ni mzizi wenyewe. Kwenye makaburi alieleza habari za wazee akiwa ameyapa mgongo makaburi na wanakwaya kwa pamoja. Pangoni ndo ilikuwa balaa, kwa sababu mle ndani ukigeuka hivi mama mkwe yupo, ukigeuka vile mama mkwe yupo. Akageukia ukuta. Akaeleza vita vyote kwa ukuta, jinsi watu walivyoingia na watoto na mbuzi, jinsi walivyoziba midomo ya watoto wasilie askari wakipita nje.

"Mbona anaongea na jiwe?" mama mmoja alinong'ona.

"Anasali," Mama Martina akajibu. "Kijana wa imani huyo."

Bashiru, kwenye kiza, alikuwa anajing'ata kiganja asicheke.

Walipotoka pangoni, mbingu ya upande wa juu, kule mto unakotokea, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Pale walipo hamna hata tone, ila Gregori alishatoa kamba kwenye begi. Ilikuwa mwisho wa Novemba, mvua za kwanza, na mto ule una tabia mbaya. Unanyeshewa kule, unakujia huku bila taarifa.

"Kina mama, tukaze mwendo!" aliuambia mti uliokuwa mbele yake.

Wakakaza. Wakafika kwenye mawe waliyovukia asubuhi, maji bado ya magotini, ila yameanza kubadilika rangi na kuleta majani. Gregori alifunga kamba upande huu, akavuka, akaifunga na upande wa pili, akawavusha mmoja mmoja. Wakafika, na Bashiru wa mwisho. Akawahesabu haraka. Tisa. Asante Mungu. Akakaa kwenye jiwe, akapumua kwa mara ya kwanza tangu meseji iingie.

"Na Mama Fortu yuko wapi?" aliuliza Mama Martina.

Pumzi ikarudi ndani.

"Bashiru," alisema Gregori polepole. "Mama wa kitenge cha bluu."

"Alinyoosha mkono niende. Akasema tangulia mwanangu, nina haja ndogo. Nikatangulia. Sasa nikae nisubiri nini pale, Gregori? Nikajua wewe ukihesabu utaona."

"Nimehesabu! Tisa!"

"Si tisa ndo hao?"

"Wako kumi, Bashiru!"

"Wewe ndo uliniambia tisa!"

Wakatazamana. Bashiru alifungua mdomo, akaelewa, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakucheka.

Hebu jiweke wewe. Mtu aliyekuja kukukagua, umempoteza. Na hukumpoteza kwa uzembe, wala kwa simu. Umempoteza kwa adabu. Ungekuwa mhuni kidogo tu, mhuni wa kawaida wa kumtazama mama wa watu usoni, saa hizi angekuwa amekaa hapa anakunywa maji.

"Kaa na kamba," alisema. "Mtu asivuke."

"Niende na mimi," alisema Mama Martina, fimbo tayari.

"Mama, hapana, maji yanakuja. Nakuomba."

Akavuka peke yake. Maji yalikuwa yameshapita magoti.

Akapandisha njia mbio. Akafika pale ambapo Bashiru alisema walitengana. Hamna mtu. Alitaka kuita, mdomo ukagoma. Aite nani? Jina haliitiki mdomoni. Akiita "mama!" kila mama ni mama. Akatoa ule mlio wa kuitana porini ambao kila mtoto wa vilima vile anakua nao.

"Huuuu!"

Msitu ukanyamaza. Ndege wakanyamaza. Akaita tena, akapiga filimbi, ya kwanza, na ya akiba. Kimya. Juzi tembo walipita hapo chini, mavi yao bado yapo. Kuna mashimo ya waliokuwa wakichimba utomvu wa sandarusi zamani, yamefunikwa na majani, mtu anazama mpaka kifuani. Akili ya Gregori, ambayo haihitaji kusaidiwa kuwaza mabaya, ilifungua duka. Akajiona amesimama uani Rutamba, kofia mkononi. Fortunata, mama yako nimempoteza. Ilikuwaje? Nilimheshimu.

Akashuka kando ya njia, kwenye genge la mto. Pale udongo ulikuwa umevurugika, alama ndefu ya kuteleza, mpaka chini. Na katikati ya alama, ndala moja imesimama wima kwenye tope.

"Huuu!" akaita tena.

Akasikia kikohozi. Kidogo, cha kuzuia. Kilitoka nyuma ya mti mkubwa wa mkongo uliokuwa chini ya genge, mizizi yake imetanuka kama ukuta. Kisha kimya tena, lakini sasa ni kimya chenye mtu ndani.

Gregori akaelewa, na damu ikamrudi usoni. Hakupotea huyu mama. Alikuwa anamsikia muda wote. Amejificha. Upande wa kushoto, juu ya miiba, kipande cha kitenge cha bluu kilikuwa kinaning'inia, kirefu, kile kipande ambacho mtu akikikosa hawezi kutokea mbele ya watu. Sembuse mbele ya mkwe.

Akageuka mgongo hapohapo. Akavuta pumzi. Ukishindwa kuongea na mkwe, unampitishia maneno kwa mtu. Mtu hayupo. Ila mti upo.

"We mkongo," alisema, "shikamoo."

Kimya.

"Mkongo, naomba umwambie mama kwamba watoto wake wana wasiwasi naye."

Halafu sauti kavu ikatoka kwenye mizizi.

"Mkongo, mwambie huyo kijana, nani kamwambia mama amepotea? Mama amepumzika."

"Mkongo, mwambie mama apumzike salama. Ila mto unajaa."

"Mwambie atangulie. Mama atakuja."

"Mama anaweza kutembea?"

Hapo mti ulichelewa kujibu.

"Mwambie mguu umekataa kidogo."

Gregori akafungua begi, akatoa shuka, akalirusha kwa nyuma bila kugeuka. Likatua kwenye miiba. "Mkongo, niwie radhi." Akarudi kinyumenyume, akalitungua kwa kijiti kirefu, nusura aanguke, akarusha tena. Safari hii akasikia likivutwa. Akafuatisha na bandeji.

Wakati mama anajifunga, yeye alikwenda kuangalia mto. Kuna jiwe lenye mgongo kama wa kobe, analitumia kujua kina. Kobe alikuwa amezama. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakuja na vijiti, na kule juu yalikuwa yanaguruma. Ng'ambo, Bashiru alikuwa amesimama amezungusha kamba kiunoni, anapiga ishara za haraka kwa mkono mzima.

Akarudi mbio, akasimama mgongo kwa mkongo.

"Mkongo, mwambie mama inabidi nimbebe."

"Nini?"

"Mgongoni."

"Mkongo! Mwambie huyo mtoto ana wazimu! Nibebwe na mkwe? Watu wa Rutamba waje wasemeje? Waje wanawake wenzangu wanibebe!"

"Wako ng'ambo, mkongo, na hawavuki. Tukikaa, tunalala hapa, sisi wawili. Hilo ndo Rutamba watalisema vizuri?"

Hilo lilimkamata. Kulala porini na mama mkwe, hata jabali lingeona aibu.

"Mkongo, mwambie mama maji hayajui ukwe," alisema Gregori, na woga wake hakuuficha tena. "Mwambie mimi ni mwoga. Mimi naogopa kila kitu, amuulize yeyote. Lakini kwenda kwa Fortunata bila mama yake siwezi. Hilo naliogopa kuliko yote."

Mto ukanguruma. Halafu, kwa sauti ndogo sana:

"Mwambie afumbe macho."

"Mkongo, nikifumba macho tunakufa wote."

"Basi mwambie asigeuze shingo!"

"Haigeuki, mkongo. Tangu asubuhi haigeuki."

Akachuchumaa. Akasikia mkono mmoja ukigusa bega lake kama unagusa sufuria ya moto, ukatoka, ukarudi. Kisha uzito wote. Mama mwenye afya zake, tuseme tu hivyo. Gregori akainuka, goti likalia.

Akashika kamba, akaingia. Jiwe la kwanza, la pili. Maji yakampanda mapajani, yanamsukuma kama watu wanaogombea Koasta. Miguu inatafuta mawe isiyoyaona. Mgongoni mama alikuwa anasema Salamu Maria kwa kasi ambayo Bikira mwenyewe asingeifuata. Gregori macho mbele, kwenye uso wa Bashiru, hatua, hatua. Mti wa kupitishia maneno walishauacha nyuma.

"Gregori!" mama alipiga ukelele sikioni mwake. "Gogo! Simama, mwanangu, simama!"

Akasimama. Gogo zima, na matawi yake, likapita mbele ya kifua chake, upana wa mkono tu, likaipiga kamba, kamba ikalia kama zeze, ikashika. Kama angenyanyua ule mguu mwingine, habari hii ingekuwa ya matanga.

"Sasa nenda," alisema mama. "Kushoto, kuna jiwe. Hapo. Nenda."

Akaenda kushoto. Bashiru akamdaka mkono, kina mama wakadaka nguo, mgongo, shuka, kila walichokipata, wawili hao wakavutwa juu kwenye majani kama samaki wawili.

Wakabaki pale wanahema. Halafu mmoja akacheka. Kisha wote, kicheko cha kulia, cha kushika mbavu, mpaka Mama Martina akaangusha fimbo. "Mama Fortu umebebwa! Mgongoni! Na mkwe!" Bashiru alikuwa amelala chali. Mama Marietha alijifunika shuka gubigubi mpaka kichwani, akawa kifurushi. Gregori akaenda nyuma ya kichaka, akakaa, akafungua kamba za viatu, akazifunga tena.

Walimtengenezea mama machela ya miti na vitenge, wakampandisha mpaka kijijini. Kwenye Koasta akakaa dirisha la mbali. Hakusema neno. Hakutazama. Koasta ikaondoka na vumbi lake, na shuka la Gregori.

Sasa ndo ikaanza kazi ya kusubiri, na kama unamfahamu Gregori unajua hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba. Kila asubuhi anapanda kichuguu, simu juu. Meseji ya Fortunata: "Kakaa kimya." Kesho yake: "Bado." Keshokutwa: "Anapepeta mchele." Gregori akaacha kula. Akamsimulia Bibi Stefania, akitegemea kupozwa.

"Umemgusa mama mkwe?"

"Bibi, maji."

"Mgongoni kabisa?"

"Bibi, yalikuwa yanakuja maji!"

"Mh," bibi akasema, akaendelea kubangua korosho. "Babu yako hata kivuli cha mama yangu alikuwa anakiruka."

Jumapili, baada ya misa, kichuguu kikatoa mlio. Ilikuwa voisi. Gregori hakuweza kuifungua, Bashiru akamnyang'anya simu akaibonyeza. Sauti ya Fortunata, na nyuma yake mtu anakohoa kikohozi cha kuzuia.

"Gregori. Mama anasema kuna mtu kamgusa, na kwetu mkwe akigusana na mkwe, mwanaume analeta jogoo wa kufuta aibu. Anasema asikawie. Mguu unapona, akitaka aje kabla haujapona, ili Mama asipate nguvu ya kumfukuza."

Gregori akashika kichwa. "Amekasirika. Umesikia? Ananitoza faini."

"We kichwa chako kimejaa pumba?" Bashiru alimtikisa mabega. "Anataka jogoo wa nani? Wa mkwe! Mtu aliyekataliwa anaombwa jogoo?"

Gregori alitulia. Alitazama simu, alitazama Bashiru, akaangalia tena kama voisi ile kweli imetoka kwa Fortunata na siyo kwa mtu mwingine mwenye jina hilo. Halafu akateremka kichuguu kwa makalio.

Bibi Stefania alitoka jikoni aliposikia kuku wanapiga kelele, akamkuta mjukuu wake pekupeku, anamfukuza jogoo mwekundu kuzunguka choo, huku Bashiru kasimama na kapu upande usiofaa.

"Huyo siuzi!" bibi alipiga kelele. "Gregori! Huyo ndo ananiamsha!"

"Hauzwi, bibi!" Gregori alijibu akihema, akapiga mbizi, akakosa, akainuka na manyoya mdomoni. "Anaoa!"